Chakula cha Wanafunzi Babati: Kutoka Shibe Hadi Lishe

Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, umezungukwa na chakula. Kaskazini, kwenye barabara ya Arusha, mashamba ya Magugu huvuna mchele unaotafutwa na wafanyabiashara wa mikoa jirani. Katika maeneo ya Bonga, Singe na Gallapo, mahindi na mbaazi hupandwa shamba moja, alizeti ikistawi pembezoni. Ziwa Babati hutoa samaki, na ng'ombe wa maziwa si wageni katika maboma ya Wairaqw na Wagorowa. Hata hivyo, mlo wa mchana katika shule nyingi za msingi nchini, zikiwemo za mikoa yenye mavuno ya kutosha, unafahamika kabla hata mfuniko wa sufuria haujafunuliwa: makande leo, ugali na maharage kesho, kisha makande tena.

Kwa miaka kadhaa, juhudi za Serikali, wazazi na wadau zimeelekezwa katika kuhakikisha kwamba mtoto hashindi na njaa akiwa shuleni. Lengo hilo ni la msingi, kwa kuwa mwanafunzi mwenye njaa hawezi kumsikiliza mwalimu. Lakini kadiri shule nyingi zaidi zinavyoanza kupika, ndivyo swali la pili linavyozidi kuhitaji jibu: chakula hicho kina nini ndani yake, na ni salama kwa kiasi gani? Mji ulio katikati ya mashamba, kama Babati, ni mahali panapofaa kulitazama swali hilo, kwa kuwa hapa kikwazo hakiwezi kuelezwa kwa uhaba wa mazao peke yake.

Msingi wa kisera

Chakula shuleni si jambo jipya katika Mkoa wa Manyara. Kuanzia mwaka 2000, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilishirikiana na Serikali kutoa chakula kwa wanafunzi katika wilaya zenye ukame, zikiwemo za mikoa ya Dodoma, Singida, Arusha na Manyara. Mpango huo ulipofikia tamati, jukumu la kujaza ghala la shule lilirudi kwa jamii.

Kipindi hicho hakikuwa chepesi. Kuanzia Januari 2016 Serikali ilianza kutekeleza sera ya elimumsingi bila ada, na wazazi wengi waliitafsiri kuwa hata chakula cha mwanafunzi wa kutwa kingegharamiwa na Serikali. Tamko la Januari 2018 lililozuia wanafunzi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya michango liliwalinda watoto wa familia maskini, lakini pia liliwaacha walimu wakuu wengi na hofu ya kuitisha mchango wowote, ukiwemo wa mahindi. Ilihitajika elimu ya muda mrefu kwa wazazi na viongozi kutofautisha ada, ambayo imeondolewa, na chakula cha mtoto, ambacho kimebaki kuwa wajibu wa mzazi.

Mwongozo wa Kitaifa wa Utoaji wa Huduma ya Chakula na Lishe kwa Wanafunzi wa Elimumsingi wa mwaka 2020 ulikuja kuweka utaratibu katika eneo hilo. Mwongozo huo unamtambua mzazi na jamii kuwa wachangiaji wakuu, huku halmashauri, kamati za shule na wataalamu wakipewa nafasi ya kusimamia. Nao Mpango Jumuishi wa Taifa wa Lishe wa 2021/22 hadi 2025/26 uliwaingiza watoto wa umri wa kwenda shule na vijana balehe katika orodha ya makundi yanayopaswa kufikiwa. Mwezi Septemba 2022, jijini Dodoma, Wakuu wa Mikoa walitia saini mkataba wa lishe mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, na tangu hapo utoaji wa chakula shuleni umekuwa miongoni mwa mambo yanayojadiliwa katika vikao vya tathmini ya lishe kuanzia ngazi ya mkoa hadi kata.

Mafanikio ya mfumo huo ni kwamba leo hakuna kiongozi wa halmashauri anayeweza kusema chakula cha wanafunzi hakimhusu. Udhaifu wake ni kwamba kinachohesabika kwa urahisi ndicho kinachopewa uzito. Shule inayopika makande yasiyo na mboga wala mafuta, na shule inayopika makande hayo hayo kwa maharage ya kutosha, mchicha na mafuta ya alizeti, zote huandikwa kuwa zinatoa chakula.

Hesabu ya debe moja

Ili kuelewa ugumu wa kuboresha mlo huo, ni vyema kuanza na hesabu. Mwaka wa masomo una takribani siku 194. Iwapo kila mwanafunzi atapangiwa gramu 120 za mahindi, gramu 30 za mikunde na gramu 5 za mafuta kwa siku, mahitaji yake kwa mwaka mzima yatakuwa takribani kilo 23 za mahindi, kilo 6 za mikunde na kilo moja ya mafuta. Kwa mzazi mwenye mtoto mmoja, mahindi hayo ni debe moja na ziada kidogo. Kwa mzazi mwenye watoto watatu, ni takribani kilo 70 za mahindi na zaidi ya kilo 17 za maharage au mbaazi.

Kwa shule yenye wanafunzi 600, mahitaji hayo yanafikia karibu tani 14 za mahindi, sawa na magunia 140 ya kilo mia moja, pamoja na tani tatu na nusu za mikunde. Huo ni mzigo wa mfanyabiashara wa nafaka, lakini unakabidhiwa mwalimu ambaye kazi yake ya msingi ni kufundisha, katika chumba ambacho pengine kilijengwa kuwa ofisi au stoo ya vifaa.

Ipo pia tofauti kati ya kalenda ya shule na kalenda ya shamba. Katika ukanda wa Babati, mahindi huvunwa zaidi katikati ya mwaka, na mbaazi hufuata baadaye. Muhula wa kwanza, unaoanza Januari, unaangukia katika miezi ambayo akiba ya kaya nyingi za wakulima imepungua na mazao mapya yangali shambani. Kamati ya shule inayosubiri Januari ndipo ianze kuomba mahindi, huyaomba wakati ambao mzazi hana, au analazimika kuyanunua kwa bei ya juu. Kamati inayokusanya mara baada ya mavuno hupata mahindi mengi na kwa urahisi, lakini hujikuta na jukumu la kuyahifadhi kwa miezi sita hadi kumi. Kwa hiyo, ubora wa mlo wa mwezi Machi huamuliwa mwezi Julai au Agosti uliotangulia.

Katika mazingira ya mji, hesabu hiyo huchukua sura nyingine. Mzazi wa katikati ya mji anayeendesha bodaboda au kuuza mitumba hana shamba, hivyo mchango wake hutozwa kwa fedha. Yule wa Mutuka au Sigino aweza kuwa na mahindi lakini asiwe na fedha za kumlipa mpishi au kununua mafuta. Utaratibu unaoruhusu mchango wa nafaka na wa fedha kwa viwango vinavyolingana huwafikia wote wawili. Palipo na kaya zisizoweza kabisa, ambazo nyingi tayari zinafahamika na serikali za mitaa kupitia utambuzi wa walengwa wa TASAF, kinachohitajika ni uamuzi wa mapema wa mkutano wa wazazi kuhusu namna ya kufidia sehemu yao. Kumtenga mtoto wakati wenzake wanakula ni kumwadhibu kwa umaskini ambao hakuuchagua, na mara nyingi ndiyo safari ya kwanza ya utoro.

Kilichomo ndani ya sufuria

Takwimu za kitaifa zinaonyesha kwa nini shibe haitoshi. Kwa mujibu wa tafiti za Hali ya Afya na Viashiria vya Malaria, udumavu miongoni mwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano ulipungua kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16 hadi asilimia 30 mwaka 2022. Katika kipindi hicho hicho, upungufu wa damu kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 haukushuka: ulikuwa asilimia 58, na mwaka 2022 ulikuwa asilimia 59. Hao ndio watoto ambao leo wanaingia darasa la awali na darasa la kwanza. Malaria na minyoo vina sehemu yake katika tatizo hilo, lakini mlo usio na madini ya chuma ya kutosha ni chanzo kinachoweza kushughulikiwa jikoni.

Mwongozo wa kitaifa wa chakula na ulaji unaofaa unagawa vyakula katika makundi sita: nafaka, mizizi na ndizi za kupika, mikunde, karanga na mbegu, vyakula vya asili ya wanyama, mboga, matunda, na mafuta yenye afya. Makande ya kawaida ya shule yana makundi mawili. Ugali na maharage vivyo hivyo. Makundi manne yaliyobaki ndiyo yenye sehemu kubwa ya vitamini na madini ambayo mwili wa mtoto anayekua unayahitaji.

Baadhi ya marekebisho hayahitaji fedha nyingi. Unga wa sembe hupoteza pumba na kiini cha punje, ambamo hukaa sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, vitamini za kundi B na madini. Shule inayosaga dona hubaki na virutubishi hivyo, na hupata unga mwingi zaidi kwa debe lile lile. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva haraka, hupunguza kuni, na kuurahisishia mwili kufyonza madini. Magadi, ambayo hutumika sana kanda ya kaskazini kulainisha makande, huharibu vitamini B1, na katika ukanda ambao maji ya maeneo mengi tayari yana madini mengi ya floridi, huweza kuongeza kiasi chake. Nyanya, mchicha au kipande cha chungwa vikiliwa pamoja na maharage, vitamini C iliyomo husaidia chuma cha maharage kuingia katika damu. Kikombe cha chai kikinywewa pamoja na mlo huo huo, huzuia chuma hicho kufyonzwa. Mafuta kidogo ya alizeti huuwezesha mwili kutumia vitamini A iliyo katika mboga za majani, boga na viazi lishe.

Mabadiliko mengine yanaanzia kwenye mbegu. Kituo cha utafiti cha TARI Selian mkoani Arusha kimetoa aina za maharage zenye chuma na zinki kwa wingi, zikiwemo Selian 14 na Selian 15. Viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa, kama Kiegea na Mataya, vina vitamini A kwa wingi. Shule inaposema kwamba mwakani itapokea maharage ya aina hiyo, huwa imewapa wakulima wa eneo lake sababu ya kuipanda, na nyumbani kwa mkulima huyo pia mlo hubadilika.

Njia ya tatu ni kuongeza virutubishi kwenye unga. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka msingi wa kuongeza virutubishi katika unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Kwa ngano na mafuta, utekelezaji umekuwa rahisi kwa kuwa viwanda ni vichache na vikubwa. Mahindi ni tofauti, kwa sababu sehemu kubwa husagwa katika mashine ndogo za mitaani. Vipo vifaa vinavyofungwa kwenye mashine hizo na kuchanganya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12 kwa kipimo sahihi, na shule yenye tani 14 za mahindi ni mteja mkubwa kiasi cha kumshawishi mwenye mashine kufunga kifaa hicho. Iwapo shule kadhaa za mji zitakubaliana kusaga mahali pamoja, ushawishi huo huwa mkubwa zaidi.

Usalama kabla ya virutubishi

Hata hivyo, kabla ya kuzungumzia vitamini, lipo jambo ambalo Mkoa wa Manyara hauna sababu ya kulisahau. Mwaka 2016 sumukuvu ilizuka katika wilaya za Chemba na Kondoa mkoani Dodoma na Kiteto mkoani Manyara. Watu 68 waliugua na 20 kati yao walifariki dunia. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyochafuliwa, chakula kilekile ambacho kaya za maeneo hayo hula kila siku. Miaka 12 kabla yake, mwaka 2004, tukio kama hilo lilitokea mashariki mwa Kenya, katika maeneo ya Makueni na Kitui, na kuua watu 125.

Sumukuvu hutokana na fangasi wanaoshamiri kwenye mahindi na karanga, hasa zao linapopatwa na ukame shambani na kisha kuhifadhiwa likiwa na unyevu. Haionekani kwa macho, haina harufu, na moto wa jikoni hauiondoi. Ikiliwa kwa kiasi kidogo kwa muda mrefu, hudhuru ini, na tafiti zimeihusisha na kudumaa kwa watoto.

Mfumo wa kuchangia mahindi debe kwa debe una hatari yake ya pekee. Ghala la shule hupokea nafaka kutoka mamia ya kaya, kila moja ikiwa na namna yake ya kukausha na kuhifadhi. Mahindi ya mzazi makini huchanganywa na ya mzazi aliyeyaanika chini, juu ya udongo, au aliyeleta yale ya mwisho wa kihenge. Sumukuvu hujikusanya katika sehemu chache za mzigo, hivyo madebe machache mabovu yanatosha kuchafua chakula cha shule nzima. Wengine huleta mahindi yaliyotiwa dawa ya kuhifadhia nafaka siku chache zilizopita, kabla ya muda wa kusubiri uliotajwa kwenye kifungashio kuisha.

Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinataka mahindi ya chakula yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na sumukuvu yote isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kipimo cha unyevu ni kifaa kidogo cha mkononi kinachoweza kumilikiwa na kata na kuzunguka shule zote wakati wa makusanyo. Mifuko isiyopitisha hewa, maarufu kwa jina la PICS, huzuia wadudu bila dawa. Chaga za mbao zinazoinua magunia kutoka sakafuni, na kupembua punje zilizooza, zilizovunjika au zilizobadilika rangi, ni kazi ya mikono. Kwa upimaji wa sumukuvu, Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye jukumu la usalama wa chakula, na mradi wa Wizara ya Kilimo wa kudhibiti sumukuvu (TANIPAC) vimejenga uwezo ambao haukuwepo mwaka 2016. Kilichobaki ni kuhakikisha ghala la shule linaingia katika orodha ya maeneo yanayokaguliwa.

Tahadhari hiyo inahusu pia kile kinachoitwa unga wa lishe. Kuchanganya mahindi, karanga, soya na nafaka nyingine katika unga mmoja wa uji huonekana kuwa jambo jema, lakini kila zao linaloongezwa bila kupimwa huleta uwezekano mwingine wa sumukuvu, hasa karanga. Wataalamu wa lishe wamekuwa wakishauri uji uwe wa nafaka moja iliyo salama, na virutubishi vingine vitoke kwenye vyakula vinavyoliwa kando yake.

Nje ya geti la shule

Mtoto wa mjini ana jiko la pili, nalo liko nje ya geti. Hapo hupatikana mihogo ya kukaanga, sambusa, kashata, ubuyu uliotiwa rangi, barafu, biskuti na juisi za unga. Kwa mwanafunzi ambaye shule yake haipiki, au inapika chakula asichokipenda, shilingi 200 au 500 alizopewa nyumbani huishia huko. Vyakula hivyo si vibaya vyote: karanga zilizo salama, ndizi mbivu, muwa na mahindi ya kuchoma vina nafasi yake. Tatizo ni sukari, mafuta yaliyotumika mara nyingi na chumvi, katika umri ambao mazoea ya ulaji hujengwa.

Kuwafukuza mama lishe na wachuuzi hakujawahi kuwa suluhisho la kudumu, kwa kuwa wengi wao ni wazazi wa watoto hao hao. Kamati ya shule yaweza kukubaliana nao kuhusu vinavyoruhusiwa kuuzwa wakati wa mapumziko, usafi wa vyombo na upimaji wa afya. Muuzaji anayeruhusiwa kuuza matunda ndani ya uzio, badala ya kuuza barafu nje ya uzio, hulinda kipato chake na afya ya mtoto kwa pamoja.

Soko lililo karibu

Hoja ya lishe shuleni inagusa pia kipato cha mkulima. Mbaazi ya Babati kwa muda mrefu imelimwa kwa ajili ya soko la India. Mwezi Agosti 2017 India ilipoweka ukomo wa kiasi cha mbaazi inachoagiza, bei ilianguka na wakulima wa Manyara na mikoa ya kusini wakabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Mbaazi ina protini nyingi na huliwa vizuri na wali au makande, lakini katika kaya nyingi za wakulima imebaki kuwa zao la kuuza. Shule za mji mmoja haziwezi kuchukua nafasi ya soko la India, ila zinaweza kuwa mnunuzi wa uhakika asiyebadilisha sera kwa tangazo la siku moja.

Mwezi Machi 2024 suala hili lilijadiliwa nchi nzima, pale mchele na maharage yaliyoongezwa virutubishi kutoka Marekani yalipoletwa kwa ajili ya wanafunzi wa mkoani Dodoma. Waziri wa Kilimo wakati huo, Hussein Bashe, alitoa hoja kwamba msaada wa aina hiyo ungekuwa na manufaa zaidi kama fedha zake zingenunua mazao ya wakulima wa Tanzania na virutubishi kuongezwa hapa hapa nchini. Kwa eneo lenye mchele wa Magugu upande mmoja na mbaazi upande mwingine, hoja hiyo ina uzito wa pekee. Lakini inaambatana na wajibu: mchele wa ndani utakaoingia shuleni lazima nao uwe umepimwa na kuboreshwa kwa kiwango kile kile.

Uzoefu wa nchi nyingine unaonyesha kwamba jambo hilo linawezekana pale sheria na fedha vinapokutana. Brazil, kwa sheria ya mwaka 2009, iliagiza angalau asilimia 30 ya fedha za Serikali Kuu za chakula cha shule zitumike kununua mazao ya wakulima wadogo. Kenya ilianzisha mpango wa chakula cha shule kinachotokana na mazao ya ndani mwaka 2009, na kufikia 2018 ilikuwa imepokea usimamizi wake wote kutoka WFP. Jijini Nairobi, mpango wa Dishi na Kaunti ulioanza mwaka 2023 hupika katika majiko makubwa ya pamoja, na mtoto huchangia shilingi tano za Kenya kwa mlo. Jiko la pamoja huenda lisiifae kata ya vijijini, lakini kwa shule za katikati ya mji zilizo karibu karibu, ni wazo linalostahili kufanyiwa hesabu: ghala moja linalokaguliwa, mpishi mwenye ujuzi, na gharama ya nishati inayogawanywa.

Nishati yenyewe ni sehemu ya lishe. Maharage na mbaazi huhitaji moto wa muda mrefu, na shule yenye upungufu wa kuni huanza kupunguza mikunde kabla haijapunguza mahindi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034, na Serikali imekwisha kuelekeza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kuachana na kuni na mkaa. Kwa shule ambayo bado inatafuta fedha za mafuta ya kula, kununua jiko la gesi au la umeme ni hatua kubwa. Ndiyo maana bajeti ya nishati na bajeti ya lishe zinapaswa kupangwa katika kikao kimoja.

Shamba la shule nalo linarudi katika mjadala. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, shule nyingi zimekuwa na mashamba, ingawa baadhi yamemezwa na ujenzi wa madarasa na upanuzi wa miji. Ekari chache haziwezi kutoa tani 14 za mahindi. Bustani ya matuta kumi ya mchicha, mnafu na sukuma wiki, iliyo karibu na bomba la maji, pamoja na mipapai na miembe ya kivuli, huweza kutoa makundi mawili ya chakula ambayo wazazi hawawezi kuyachangia kwa debe. Huko ndiko shamba la shule linakoweza kuwa na faida kubwa kuliko kushindana na mkulima wa mahindi.

Kipimo kinachofuata

Hatua zote hizo hazihitaji taasisi mpya. Halmashauri ina Afisa Lishe, Afisa Kilimo, Afisa Afya na Afisa Elimu. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania (TFNC), iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1973, ina utaalamu na miongozo. Kamati za shule zina mamlaka ya kuitisha mkutano wa wazazi. Kinachohitajika ni kuwaweka watu hao mbele ya ghala moja, katika msimu mmoja, kabla mahindi hayajapokelewa.

Fomu ya tathmini nayo yaweza kuongezewa maswali machache yanayojibika bila maabara. Je, mlo wa wiki hii ulikuwa na makundi mangapi ya chakula? Mahindi yalipimwa unyevu yalipopokelewa? Unga ni dona au sembe, na umeongezwa virutubishi? Ni watoto wangapi walioandikishwa ambao hawakula, na kwa sababu gani? Swali hilo la mwisho ndilo gumu zaidi, kwa kuwa jibu lake hupatikana kwa kuhesabu watoto waliokaa chini ya mti wakati wenzao wamepanga foleni.

Katika mashamba yanayoizunguka Babati, mavuno ya katikati ya mwaka ndiyo yanayoweka akiba ya muhula wa Januari. Mwanafunzi atakayeketi darasani mwezi huo atakula kile ambacho watu wazima waliamua kukianika, kukipima na kukihifadhi miezi sita kabla. Mji huu una mahindi, mbaazi, alizeti, mchele, mboga na maziwa. Kuviweka katika sahani moja, vikiwa salama na kwa kila mtoto, ni kazi ya usimamizi, na usimamizi huo unaanza siku debe la kwanza linapofika kwenye mlango wa ghala.